Kiboko Aliyekataa Kumwacha Mwanawe

Mume wangu alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, hatukukaa Igogo hata mwezi. Tulirudisha funguo za chumba, tukafunga vyombo kwenye shuka mbili, tukaenda kwa baba yake mwaloni, kwenye ufuko wa wavuvi. Ni kaskazini ya Ilemela, unapita uwanja wa ndege, lami inaisha, unafuata njia ya mawe mpaka unaliona ziwa limeingia kati ya miamba. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na mtoto wa kike aliyekuwa bado ananyonya.

Ilikuwa ile miaka ambayo mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa na viwanda vya minofu ya samaki vinafunguliwa kando ya ziwa. Kila aliyekosa kazi mjini alikimbilia sangara. Magari ya barafu yalikuja mwaloni kwetu kila asubuhi, samaki wanapimwa, wanapakiwa, yanaondoka. Mume wangu naye akasema atavua. Lakini alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma, si mvuvi. Alichukuliwa na shangazi yake wa Buzuruga akiwa na miaka saba ili asome, akakulia mjini. Maji ya kina aliyaogopa, ingawa hakupenda mtu aseme.

Baba mkwe alikuwa mvuvi hasa. Alikuwa Mjita aliyeshuka kutoka Majita akiwa kijana, akaoa, akazika mke, akawa mzee wa kanisa. Aliongea kidogo. Siku tulipofika alimpeleka mwanawe ufukweni akamwonyesha mahali pa kutega na mahali pa kuacha. Nilikuwa nyuma yao na ndoo.

"Pale katikati ya jiwe kubwa na matete, usiweke wavu," alisema. "Viboko wanatokea pale kwenda malishoni na wanarudia pale pale. Ni mlango wao."

Mwaka ule magugu maji yalikuwa yameziba ghuba yote. Ungetazama ungedhani ni shamba. Kilichobaki wazi ni kipande cha maji mbele ya mwalo wetu, upana wake kama kiwanja cha mpira. Humo humo mitumbwi ilitoka na kuingia, humo humo tulichota maji, na humo humo viboko walipita gizani.

Wavu wa kwanza wa mume wangu niliutengeneza naye. Hatukuwa na maboya ya dukani, kwa hiyo nilikata ndala zetu za zamani vipande vipande, zangu za bluu na zake za kahawia, tukavitoboa na kuvifunga kwenye kamba ya juu. Wavuvi wengi walifanya hivyo. Chini tulifunga mawe.

Wiki mbili za mwanzo hakupata kitu. Alirudi na samaki wawili, mara watatu, wadogo ambao gari la barafu liliwakataa. Nilimwona akipungua. Jioni moja alitoka akarudi mapema kuliko kawaida, nguo zimeloa mpaka kiunoni tu. Sikumuuliza.

Kesho yake, Alhamisi, nilikwenda kuchota maji saa kumi na mbili na nusu asubuhi pamoja na jirani yangu, mama mmoja Msukuma aliyekuwa na watoto watano na kicheko cha kusikika mbali. Tulikuta wanawake wengine wamesimama juu ya mchanga, ndoo mikononi, hakuna anayeshuka. Kiboko alikuwa majini, hatua kama arobaini kutoka tulipokuwa, karibu na matete.

Kiboko kuonekana halikuwa jambo la ajabu. Ajabu ni saa. Kwa kawaida jua likichomoza wameshakwenda upande wa pili wa magugu. Huyu alikuwa peke yake, jike, mgongo nje, na kulikuwa na kitu mbele ya mdomo wake. Aliingiza pua chini, akainua. Kikatokea kichwa kidogo, cheusi, kinang'aa. Maji yakamwagika kutoka kinywani mwa kile kichwa. Kisha kikateleza, kikazama. Akaingiza pua tena, akakiinua tena.

"Anamfundisha kuogelea," akasema mmoja.

Jirani yangu alitazama muda. "Hapana," akasema polepole. "Huyo mtoto amekufa."

Tukaendelea kutazama. Alimwinua mara nyingi, sikuhesabu. Kila mara alimshikilia juu ya maji kidogo, kama mtu anayengoja jibu, mpaka mtoto anateleza. Na mara moja alipomwinua juu zaidi, kamba ilikuja pamoja naye, imemzunguka shingo na mguu wa mbele, na kwenye kamba kulikuwa na kipande cha bluu.

Nilikifahamu. Kisigino cha ndala yangu.

Nilirudi nyumbani bila maji. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigogo nje, ananoa kisu ambacho hakikuhitaji kunolewa. Hakuniangalia.

"Umetega wapi jana?" nikamuuliza.

Akaendelea kunoa.

"Umetega mlangoni kwao."

"Sangara wanapita pale," akasema. "Wote wanajua wanapita pale. Wanaogopa tu." Kisha akashusha sauti. "Nani mwingine ameona?"

"Nimeona mimi. Kwa sasa."

"Basi nyamaza. Kiboko ni nyara ya serikali. Unajua nitapelekwa wapi? Ataondoka jioni. Akiondoka nitautoa wavu, basi, yameisha."

Nikanyamaza. Naandika haya bila kujitetea. Nilimnyonyesha mwanangu, nikaenda kuomba ndoo ya maji kwa jirani, nikanyamaza.

Jioni hakuondoka. Viboko wengine walipita mbali, wakatafuta njia nyingine kwa kuvunja magugu, tukawasikia wakikoroma. Walipofika sawa naye walisimama. Baba mkwe, ambaye alikuwa anatazama kutoka kwenye mwamba aliozoea kukaa, alisema baadaye kwamba wawili walimsogelea, wakamnusa mtoto, wakakaa hapo karibu naye kwa muda wa kutosha kuvuta sigara nzima. Halafu wakaenda malishoni. Yule jike hakwenda.

Ijumaa asubuhi mwalo ulikuwa umefungwa. Mitumbwi iliyokuwa ziwani iliona hali kwa mbali ikageuza kwenda mwalo wa jirani. Gari la barafu lilikuja, dereva akashuka, akatazama, akauliza kama kuna samaki, akageuza. Wanaume walikaa vikundi vikundi. Wengine walianza kuongea habari ya nyama, kwamba wakubwa wakitoa ruhusa kutakuwa na nyama ya kutosha kijiji kizima mpaka Jumatatu. Mume wangu alikaa kati yao, akicheka walipocheka.

Maji ndiyo yalikuwa shida yetu wanawake. Kisima kilichokuwa shuleni kilikuwa kimekauka. Kwenye magugu, maji yalikuwa meusi, yananuka, na nyoka walikuwa humo. Jirani yangu akasema yeye hawezi kukaa na watoto watano bila maji kwa sababu ya mnyama. Akazunguka jiwe kubwa, upande ambao alidhani hataonekana, akainama na ndoo.

Nilikuwa juu yake, kwenye jiwe. Niliona mgongo wa kiboko ukizama. Maji yakatulia. Kisha mstari wa mapovu ukaanza kuja, umenyooka, kwa kasi ambayo sikuiamini, kuelekea kwenye jiwe.

"Toka!" nilipiga kelele. "Mama, toka majini!"

Aligeuka, mguu ukateleza kwenye utelezi wa jiwe, akaanguka juu ya mkono wake. Kiboko akatoka majini nusu mwili, mdomo wazi. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona ulimi wake. Ile ndoo aliiuma ikawa kama karatasi. Jirani yangu alikuwa anajivuta nyuma kwa kisigino na kiwiko, hakuna alipoweza kwenda, kwa sababu nyuma yake ni jiwe tupu.

Kilichomwokoa ni ndege. Korongo mmoja, wale wakubwa wenye vipara wanaokaa machinjioni, alikuwa ametua juu ya mwili wa mtoto ulioanza kuibuka. Kiboko akasikia mabawa. Akageuza kichwa. Akamwacha mwanamke pale pale chini yake, akarudi majini kwa kishindo, akamfukuza yule ndege, na akaweka kidevu chake juu ya mwanawe.

Mkono wa jirani yangu ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiganja. Tulimfunga kwa vipande vya mti na kanga yangu, kaka yake akampeleka kwa baiskeli mpaka barabarani, apate gari la kwenda hospitali. Alichosema wakati namfunga nakikumbuka mpaka leo.

"Hakuwa na hasira na mimi," alisema. "Nimemwona macho. Hataki tu mtu asogee."

Jioni ile mwenyekiti wa kitongoji aliita watu. Ikaamuliwa mtu aende mjini ofisini akamlete askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Hakuna aliyepinga. Nilimtazama mume wangu upande wa wanaume. Alikuwa anatazama miguu yake.

Jumamosi mwili wa mtoto ulikuwa umevimba. Sasa haukuhitaji kuinuliwa, ulikuwa unaelea wenyewe, tumbo juu. Harufu ilifika mpaka kwenye nyumba za kwanza. Mama yake alikuwa amekaa naye pale pale, kwenye maji mafupi yasiyomfunika, na jua la siku tatu lilikuwa limempasua ngozi mgongoni. Yale majimaji mekundu ambayo viboko hutoa yalikuwa yamekauka juu yake kama kutu. Hatukuwa tumemwona akila. Alimlamba mwanawe, akamsukuma kidogo kwa pua, akangoja, akamsukuma tena. Mchana mamba alitokea kwenye matete. Hatukuona vizuri kilichotokea, maji yaliruka tu, na mamba hakurudi.

Asubuhi ile ile upepo ulikuwa umegeuka, ukawa unatoka nchi kavu. Magugu yakaanza kuachia, mafungu makubwa kama visiwa yanaondoka kwenda ziwani. Tulisimama wengi juu ya mwamba tukitazama. Baba mkwe alikuwa mbele yetu, mikono nyuma.

"Upepo unasukuma nje tangu alfajiri," alisema, kama anaongea na nafsi yake. "Magugu yametoka. Mtoto amevimba, anaelea. Mbona haendi?"

Akanyoosha kidole kuelekea ziwani.

"Angekwenda," akaendelea, "mama yake angemfuata. Angetoka hapa. Lakini haendi. Kuna kitu kimemshika."

Nilikuwa hatua tano nyuma yake, mtoto mgongoni. Nilijua kitu gani kimemshika. Mawe niliyoyafunga kwa mikono yangu, na kamba.

Nilimkuta mume wangu ndani, amelala akitazama bati.

"Umemsikia baba?"

"Nimemsikia."

"Basi mwambie. Wavu ukikatwa mnyama anaondoka. Hakuna haja ya bunduki."

"Askari anakuja kesho," akasema. "Atapiga risasi, jike atakufa, watu watakula nyama, wavu utazama. Hakuna atakayeuliza."

"Na akikosea? Na akimjeruhi tu, akatoka nchi kavu na watoto wamejaa mwaloni?"

"Mimi nitakwenda jela, wewe unaongea habari ya kukosea." Akainuka akakaa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Unataka nifungwe? Mtoto atakula nini?"

Nilimwambia mara ya pili, akaniambia nitoke. Nilimwambia mara ya tatu kupitia mlangoni.

Lazima nieleze jambo moja. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawakai karibu. Nilimsalimia kwa kupiga magoti nikiwa mbali, chakula chake nilikiweka kwenye kigoda nikaondoka. Miezi yote ile sikuwa nimewahi kumwambia neno lisilo la salamu au la chakula. Alasiri ile nilikwenda nyuma ya nyumba yake ambako alikuwa anashona wavu, nikapiga magoti pale ambapo ningesikika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akaona sina sahani. Akaweka sindano ya kushonea chini.

"Baba, pale kuna wavu," nikasema. "Umemzunguka yule mtoto. Una mawe pande zote mbili. Ndiyo maana haendi."

Kuku walipita kati yetu.

"Umejuaje?"

"Maboya ni ndala zangu."

Hakuuliza zaidi. Nilikuwa nimetazama chini, sikuona uso wake. Nilisikia tu akivuta pumzi na kuitoa.

"Nenda kamnyonyeshe mtoto," alisema. "Umefanya vizuri, mama. Nenda."

Nikaenda. Nilimsaliti mume wangu, ndivyo nilivyoona, na sikujua kama nimemwokoa mtu yeyote. Aliingia kula, akatoka. Sikujua kama baba yake ameshamwita.

Jumapili askari alifika saa nne, kwa pikipiki, bunduki mgongoni. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi kwenye masharubu, na hakuwa na haraka. Waliokuwa kanisani walitoka kanisani. Alipanda kwenye jiwe kubwa akatazama sana.

"Amekaa siku ngapi?"

"Ya nne leo," akasema mwenyekiti.

Akaanza kuishusha bunduki. Baba mkwe akasogea, bado amevaa koti lake la ibada.

"Bwana mkubwa, naomba nusu saa. Pale kuna wavu umemshika yule mtoto. Nikiukata, upepo huu utamtoa, na mama yake atamfuata."

Askari akamgeukia. "Unajuaje kuna wavu, mzee?"

"Ni wa nyumba yangu."

Watu wakaguna. Mume wangu alikuwa amesimama chini ya jiwe. Akasogea mbele, nikamsikia, sauti si yake.

"Ni wangu mimi," alisema. "Baba hakujua. Alinikataza kutega pale, nikatega."

Jirani yangu alikuwa kwenye kundi, mkono umefungwa plasta. Alimtazama mume wangu, kisha akanitazama mimi, na sikuweza kumtazama.

"Hayo tutayaongea baadaye," askari akasema. "Mnataka kwenda kwa mtumbwi? Mtakufa."

"Tutapitia nyuma ya magugu yaliyobaki," akasema baba mkwe. "Hatumwendei yeye, tunakwenda kwenye kamba." Akamtazama mwanawe. "Chukua kasia. Wewe ndiye unayejua umefunga wapi."

Mtumbwi uliingizwa majini mbali, kule ambako jiwe liliwaficha. Walikuwa wawili tu, mzee mbele, mume wangu nyuma, panga katikati. Nilimpa mtu mwanangu amshike, nikasogea mpaka ukingoni mwa jiwe. Askari alilala kifudifudi juu ya jiwe, bunduki imeelekezwa.

Upande wa nje walifika bila shida. Mzee aliinua kamba kwa kasia, akaikata, jiwe likaenda chini. Mwili ukageuka kidogo, kisha ukasimama tena. Bado upande wa ndani. Upande wa ndani mume wangu hakutumia jiwe peke yake, alikuwa ameifunga kamba kwenye shina la matete ili wavu usipotee, kwa sababu alikuwa mgeni wa kazi. Na shina lile lilikuwa hatua kama kumi na tano kutoka kwa kiboko.

Wakaenda taratibu. Kasia halikutoa sauti. Kiboko aliwaona. Aliinua kichwa kutoka juu ya mwanawe, masikio yakapiga mara mbili, akapanua mdomo mpaka tukaona meno yote, kisha akaufunga. Wakasimama. Naye akasimama. Wakasogea tena. Mume wangu alishuka kwenye mtumbwi, maji yakafika kiunoni, akashika kamba, akaanza kupapasa chini akitafuta fundo.

Kiboko akazama.

Hicho ndicho tulichokuwa tunakiogopa, kwa sababu ukimwona unajua yuko wapi. Maji yalitulia kabisa. Mwanamke mmoja nyuma yangu alianza kusali kwa sauti ya chini, mwingine akamwambia anyamaze. Niliona mapovu yanaanza.

"Panda," nilisikia mzee akisema, bila kupaza sauti. "Panda sasa."

Mume wangu hakupanda. Alikuwa na kamba mkononi. Alikata mara ya kwanza, ya pili. Mzee akasimama kwenye mtumbwi, mtu wa umri ule, akapiga kasia majini upande wa pili kwa nguvu zake zote, mara tatu, ili mnyama aende kule kwenye sauti. Mtumbwi ukainuka ubavu mmoja kama umekanyaga kitu. Mzee akaanguka ndani yake. Mume wangu alikata mara ya tatu, na kamba ikaachia.

Mwili wa mtoto ulianza kwenda. Nilishangaa ulivyokwenda haraka, kama ulikuwa unangoja. Upepo uliushika, ukaugeuza, ukaupeleka nje na vipande vya ndala vikifuata nyuma yake juu ya maji.

Kiboko aliibuka kati ya mtumbwi na matete, hatua tatu kutoka kwa mume wangu. Askari akashusha pumzi, nikaona kidole chake kwenye kifyatulio. Mzee akanyanyua mkono mmoja kutoka ndani ya mtumbwi, kiganja wazi, kuelekea kwetu. Asipige.

Sijui ilikuwa muda gani. Mume wangu alikuwa amesimama majini, panga limeshuka, hakukimbia kwa sababu hakuna pa kukimbilia. Kiboko alimtazama. Kisha akageuza kichwa akatafuta mahali mwanawe alipokuwa, hakumwona, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa kiboko, fupi na nyembamba. Akamwona mbali. Akaenda.

Alimfikia kabla hajatoka kwenye ghuba. Tulidhani atamrudisha. Alizunguka mara moja, akaweka pua nyuma yake, akaanza kumsukuma kwenda kule kule upepo unakokwenda. Saa saba walikuwa wamepita rasi. Tuliona mgongo wake, kisha hatukuuona.

Wanawake wakashuka na ndoo.

Askari alimchukua mume wangu kwenda mjini kuandika maelezo. Alikaa huko siku mbili. Mzee alimfuata, na nadhani alimwombea, ingawa hakusema alisema nini. Jumanne jioni mume wangu alirudi, ameshuka stendi ya Buzuruga na kutembea njia yote. Walimpa onyo na kumnyang'anya nyavu. Mwaloni nako wazee walimkataza kutega mpaka mwaka uishe, na akapeleka debe la maji kwa jirani yangu kila asubuhi mpaka mkono wake ulipopona. Hakuambiwa na mtu afanye hivyo.

Kiboko alirudi. Wiki nzima, wavuvi waliotoka alfajiri walimkuta pale kwenye matete, peke yake, anaingiza pua chini ya maji na kuinua, na hakuna kitu. Hakumfukuza mtu tena. Mitumbwi ilimpita kwa mbali, naye aliiacha ipite. Baadaye alionekana na wenzake upande wa pili, au walisema ni yeye kwa sababu ya ngozi iliyopasuka. Nilimuuliza baba mkwe, siku hizo tulikuwa tumeanza kuongea, kama mnyama ana huzuni kama ya mtu. Alifikiri, akasema hajasoma mahali popote kwamba anayo, na hajasoma kwamba hana, lakini yeye alipofiwa na mke aliendelea kutandika kitanda pande zote mbili mpaka mvua za mwaka ule zikaisha.

Mume wangu alipata kazi kwenye kiwanda kimoja cha minofu, ya kupakia barafu. Nyumbani aliniongelesha mambo ya nyumba tu. Chumvi imekwisha. Mtoto anakohoa. Hakunigombeza hata siku moja kwa kwenda kwa baba yake, na hilo ndilo lilinitia hofu, maana sikujua ameweka wapi hasira yake. Nilifikiri atanirudisha kwetu.

Ilipita kama miezi miwili. Jumapili moja mchana nilikuwa nachambua mchele, naye alikuwa amekaa mlangoni, mtoto amelala mapajani mwake. Alianza kuongea bila kunitazama.

"Nilipoishika ile kamba chini ya maji," alisema, "nilimsikia."

"Nani?"

"Yule mama. Kabla hajazama. Kamba ilikuwa inavuta mkononi mwangu. Anamsukuma mtoto, kamba inakaza. Anaacha, inalegea. Anasukuma, anaacha." Alimweka mtoto vizuri mapajani. "Siku nne alikuwa anavuta hivyo, na mimi nimelala ndani nasema ataondoka."

Niliweka ungo chini, nikaenda nikakaa naye mlangoni, tukamtazama mtoto akilala.

"Nilipaswa kwenda siku ya kwanza," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Na mimi nilipaswa kusema siku ya kwanza."

Tukakaa hapo mpaka jua likafika miguuni petu, ikabidi tumhamishe mtoto ndani.